Doa Ndani ya Jicho

Brashi alimjua kabla hajamwona. Mlango wa studio ulisukumwa kwa bega, si kwa mkono, ukagonga ukuta palepale ulipozoea kugonga zamani, mahali ambapo rangi ilibanduka na hakuna aliyejisumbua kuipaka tena. Watu wanaofungua milango ni wengi. Wa kuufungua ule kwa bega, kama aliyebeba stendi ya kamera hata siku ambazo mikono yake ni mitupu, alikuwa mmoja tu, na huyo alikwishaondoka, na Brashi alikwishamlilia, akamaliza, akanawa uso na kurudi kazini.

Moyo wake, inaelekea, haukuarifiwa kwamba mambo yalikwisha. Ulimlipuka pa! Mkono ukateleza, brashi ikachora mstari mweupe juu ya pua ya bwana aliyekuwa kwenye picha mezani.

"Hodi," sauti ikasema.

"Hodi hupigwa nje," Brashi akajibu bila kuinua kichwa. "Ukishaingia, hiyo ni salamu."

"Basi nasalimu."

"Salama. Za siku nyingi?"

"Nyingi mpaka zimeota mvi."

Hapo ikabidi amtazame. Ni kweli zilikuwa zimeota. Ndevu zilikuwa na weupe pembeni mwa mdomo, na shati, ambalo zamani halikuwahi kukutana na pasi, leo lilikuwa limenyooshwa. Macho ndiyo yalikuwa yaleyale. Yalimtazama kwa namna ile ya zamani, ya kumtazama mtu pamoja na mwanga ulioko juu yake, mpaka hujui anakupenda wewe au anaipenda taa.

"Nani huyo?" Mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Baba yake Brashi hakuwa akiona vizuri tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemtia ukungu pande zote mbili, lakini kila asubuhi alivaa koti lake la kazi na kuja kukaa studio, asije mteja akakosa wa kumwamkia.

"Mteja, baba."

"Shikamoo, Mzee," mgeni akasema.

Mzee akageuza sikio. Akakunja na kukunjua vidole juu ya mkongojo.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Sauti hiyo nimewahi kuifukuza hapa."

"Ndiyo, Mzee. Imerudi."

"Haya. Viti vipo."

Mgeni hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na nguzo na maua ambayo hayajawahi kuota mahali popote, akawa anageuka polepole. Kila kitu kilikuwa pale: kigoda cha kuzunguka, taa mbili zenye miguu mirefu, kioo cha wateja kuchania nywele. Hata ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga ulikuwa umeegemezwa ukutani, kona moja imeng'atwa na panya. Brashi alimwona akiugusa ubao ule kwa ncha za vidole, kama mtu anayemgusa ndugu aliyelala.

Hawa wawili walikuwa na majina yao, waliyopewa na wazazi na yakaandikwa panapoandikwa. Lakini humu ndani yeye alikuwa Brashi, kwa sababu tangu binti mdogo aliichomeka brashi sikioni na kuisahau humo, akaenda nayo sokoni, akaenda nayo msibani. Kazi yake ilikuwa kusafisha picha: kufuta chunusi, kuziba mikwaruzo, kumpa bibi kizee jino alilolipoteza. Na huyu alikuwa Subiri, kwa sababu ya neno lake moja.

Mzee alikuwa na mtindo wake, na mtindo wake ndio ulioijenga nyumba. Kidevu juu. Mikono magotini. Usicheke, usipumue, tazama hapa. "Picha si ya leo," alikuwa akiwaambia wateja. "Picha ni ya siku ambayo hutakuwepo. Unataka wajukuu wakuone umechekacheka?" Kisha anabonyeza, basi, mwingine aje.

Subiri alipoajiriwa, kijana mwembamba mwenye njaa na mdomo mwingi, alibonyeza alivyoelekezwa. Mteja alipokwisha kushusha mabega, akatoa pumzi, akaanza kutafuta viatu vyake, ndipo yule kijana aliposema, "Subiri kidogo," na kubonyeza tena. Wateja walilalamika. Wakija kuchukua picha wakakuta mbili, moja ya heshima na moja yao wenyewe, walinuna, wakaziangalia, wakanuna tena, wakazichukua zote. Ile ya heshima waliitundika sebuleni. Ya pili waliiweka chumbani.

"Nani huyu uliyempasua pua?" Subiri akauliza. Alikuwa amefika mezani.

"Mchumba wangu," Brashi akasema.

Haikuwa kweli bado, ila ilikuwa tamu kuisema. Aliona jinsi neno lile lilivyomwingia. Subiri alipepesa macho mara moja, kama mteja aliyemulikwa ghafla.

Bwana wa kwenye picha alikuwa mwenye kiwanda cha magodoro, mgane, mtu mpole asiye na neno na mtu. Posa ililetwa na Shangazi, dada yake Mzee, ambaye alikuwa akitafuta mume wa Brashi tangu enzi za mababu, bila kuchoka na bila kuombwa. "Mwanangu, huyo utalala pazuri maisha yako yote," Shangazi alisema, akaiweka picha mezani. "Msafishe, umpendezeshe. Ukimtazama kutwa utamzoea." Jibu lilitakiwa alasiri ya leo. Tatizo ni kwamba Brashi, kwa kukosa la kufikiri juu yake, alikuwa amemwondolea mikunjo yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka bwana wa watu akabaki laini kama magodoro yake, hana hata pa kumshika.

"Ni mtu mzuri," akaongeza.

"Naona," Subiri akasema. "Hongera."

"Asante. Wewe umefuata nini?"

Akamwona akivuta pumzi. Na yeye, mjinga mtu mzima, akavuta ya kwake akaizuia.

"Negativu zangu," Subiri akasema. "Zile filamu nilizopiga hapa. Kama hamjazitupa."

Pumzi ikatoka taratibu. Brashi aliichukua brashi, akaichovya kwenye glasi ya maji, akaikung'uta kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, kisha akaichomeka sikioni.

"Hatutupi vitu vya watu."

"Kuna jumba la sanaa wanataka kuzitundika. Za hapa tu, za sasa hawazitaki." Akacheka kidogo bila furaha. "Nimezunguka sana, Brashi. Nimepiga picha wakubwa, nimepiga picha maharusi wa watu ambao godoro lao moja lingenunua mtaa huu. Wanasema za sasa ni safi lakini ni baridi. Mama mmoja mjuzi wa mambo hayo aliniuliza, huu mtindo wako wa zamani, watu walikuwa wanakutazama kama wanamtazama wanayempenda. Uliupata wapi? Na kwa nini uliuacha?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nina kiu, naomba maji."

Ilikuwa lazima acheke, na alicheka, na kicheko kikamkasirisha. Ndivyo alivyokuwa huyu siku zote. Anakuja na jambo linaloumiza, analivisha mzaha, halafu wewe unabaki unacheka na jeraha lako mkononi.

"Zipo kwenye makopo ya biskuti," akasema akisimama. "Chumba cha giza, rafu ya juu. Chukua, nenda katundike. Tundika bibi harusi aliyecheka. Tundika mabaharia, tundika yule fundi viatu na mbuzi wake. Mpaka paka wa jirani ulimpiga picha, Subiri! Paka! Akilala, akila, akijikuna. Katundike na paka."

"Brashi..."

"Na mimi je?"

Hakuwa amepanga kuyasema. Yalikuwa yamekaa miaka yote pale chini, yametulia, akidhani yameoza. Kumbe yalikuwa mabichi.

"Mimi nilikaa kwenye kona hii asubuhi mpaka jioni, unaniona," akasema. "Unaniambia unanipenda. Na hukuwahi kunielekezea kamera hata siku moja. Baba alikuuliza, pale pale uliposimama. Unakumbuka alivyokuuliza?"

Subiri alikumbuka. Nani angesahau? Shangazi ndiye aliyepeleka habari kwamba kuna vicheko kwenye chumba cha giza, kile cha kuoshea picha, na Mzee akawaita wote wawili mbele ya pazia la maua. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana, mwenye duka akipenda kitu hukiweka dirishani. Wewe unadai unampenda binti yangu. Unapiga picha kila kinachopumua katika mtaa huu. Haya, nionyeshe. Ya binti yangu iko wapi?" Na Subiri, mwenye mdomo mwingi, siku hiyo hakuwa na mdomo. Alimtazama Brashi, akamtazama kwa muda mrefu, kama yeye ndiye aliyetakiwa kujibu. Kisha akainamisha uso, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

"Nilikuwa nakusubiri useme neno," Brashi akasema. "Lolote. Hata la uongo."

Subiri alikuwa amekunja uso. Lakini haukuwa uso wa mtu aliyeshikwa na hatia. Ulikuwa wa mtu aliyepotea njia katika mtaa anaoujua.

"Brashi," akasema polepole. "Unasema kweli kwamba hujui?"

"Nisijue nini?"

"Siku ile nilikutazama kwa sababu jibu lilikuwa kwako. Nikadhani umekwishalitoa."

"Nililitoa lini mimi?"

"Kila siku. Kwa brashi yako hiyo." Akapitisha mkono usoni. "Dawa za kuoshea picha zipo?"

"Zipo. Wako wazee wachache bado hawataki picha za simu."

"Njoo, nikuonyeshe kitu."

Mzee alikohoa kutoka dirishani. "Mlango uachwe wazi."

"Baba, ni chumba cha giza. Mlango ukiwa wazi si chumba cha giza."

"Basi sheria ni ileile. Ongeeni. Nikisikia kimya, nakuja na mkongojo."

Brashi aliona haya kama msichana. Ile ndiyo ilikuwa sheria ya zamani. Vijana wawili hawawezi kukaa gizani kimya, alisema Mzee, na kwa kuwa kazi haiwezi kufanyika mlango ukiwa wazi, basi midomo isikae bure. Kwa hiyo waliongea. Kila karatasi iliyolala kwenye dawa walikuwa na la kusimulia, wakaanza na bei ya sukari na uvivu wa paka, wakaishia kuambiana mambo ambayo watu hawaambiani hata baada ya kuoana. Mzee hakujua kwamba yeye ndiye aliyewapendanisha.

Taa nyekundu ikawaka. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka tangu walipokuwa wawili humo, na harufu ya dawa, ile kali ya siki, ikampiga puani pamoja na harufu ya sabuni ya mtu huyu. Viwiko vikagusana. Kila mmoja akauondoa wake.

"Ongea," Brashi akasema. "Atakuja kweli huyu."

"Naongea. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya kazi? Mimi kwenye kamera. Wewe wapi?"

"Mimi na ubao. Pembeni yako, dirisha likiwa mgongoni kwangu."

"Na ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikiwapigia porojo. Watu walikuwa wamekauka, wanamwogopa Mzee. Nilikuwa nawaambia habari za paka."

"Haya." Alikuwa ameshafungua kopo, akiinua negativu moja moja kwenye mwanga mwekundu, midomo ikicheza. "Huyu hapa. Bibi harusi aliyecheka."

Akaiweka kwenye mashine ya kukuzia. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna fundi analifanya. Alikizungusha kichwa cha mashine kwenda juu, juu, mpaka mwisho wa nguzo, uso wa bibi harusi ukapotea nje ya karatasi, likabaki jicho moja tu, kubwa kama sahani. Akawasha, akahesabu kimoyomoyo, akazima. Akaitumbukiza karatasi kwenye trei.

"Ongea," akamkumbusha Brashi.

"Baba alinifundisha macho kabla ya kitu kingine chochote," Brashi akasema, akiitikisa trei taratibu kama alivyozoea. "Jicho la mteja liwe na nukta moja nyeupe, safi. Ndiyo uhai wa picha. Za kwako zilikuwa zinanisumbua. Kila picha ya kwako ilikuwa na uchafu kwenye ile nukta. Kidoa cheusi katikati. Nilidhani ni kivuli cha stendi. Nilikuwa naweka tone moja la rangi nyeupe juu yake, kwenye karatasi, kwisha. Kila jicho. Nilikuwa naona jinsi unavyonitazama nikifanya hivyo, nikadhani unanipenda tu."

Karatasi ilianza kujionyesha. Kwanza kope, kisha mduara mweusi wa mboni. Ndani ya mboni likatokea dirisha, dirisha lao la studio, mraba mweupe uliopinda kidogo. Na ndani ya dirisha kulikuwa na mtu.

Alikuwa mweusi wote, kivuli kitupu, kwa kuwa mwanga ulikuwa nyuma yake. Lakini kilemba kilikuwa kimefungwa fundo juu. Kiwiko kimetoka nje kwa kubeba kitu kipana. Kichwa kimeinama upande, kama cha mtu anayesimulia habari za paka. Na sikioni kilichomoza kijiti.

Brashi aliinua mkono wake, akaugusa mpini wa brashi uliokuwa sikioni.

Maji yalidondoka kwenye beseni. Nje Mzee akaita, "Mbona kimya?" Hakuna aliyemjibu, na ajabu ni kwamba mkongojo haukusikika ukija.

"Ni mimi," Brashi akasema, kwa sauti iliyokuwa ndogo.

"Ni wewe. Katika bibi harusi, katika fundi viatu, katika mabaharia. Hata katika paka, ukitafuta. Sikuwa nawapiga picha wao, Brashi. Nilikuwa nasubiri wakutazame wewe, wakutazame mpaka walainike, halafu nabonyeza. Mtindo wangu! Wanauita mtindo wangu. Nimekwenda kuutafuta miji yote na taa za bei mbaya."

"Kwa nini usinipige picha tu kama watu wengine?"

"Nilijaribu. Siku ya kwanza kabisa, hukumbuki? Nilipoinua kamera ulikaa kidevu juu, mikono magotini. Ulilelewa humu. Nikikuelekezea lenzi nampata binti wa Mzee. Wewe mwenyewe nilikuwa nakupata pale tu ulipokuwa umesahau kwamba upo."

Machozi yalikuwa yamemjaa. Aliitazama trei, akamfikiria bibi harusi, akawafikiria wote. Nyuso na nyuso, miaka na miaka. Kila jicho lililombeba, alilipokea kwa tone la rangi nyeupe. Alijifuta ndani ya picha kwa mkono wake mwenyewe, kwa uangalifu, bila kutoka nje ya mstari, na baba yake akamsifu kwa usafi wa kazi.

"Na wewe ukadhani..."

"Nikadhani ameona. Mwenye macho makali kuliko wote mtaani, atakosaje kujiona? Ameona, na hataki kuonekana na mimi. Mzee aliponiuliza picha yako iko wapi, ningesema nini? Ziko nyingi, Mzee, lakini mwenyewe amezifuta zote?"

Sasa hasira ikaja. Ilikuja kwa kuchelewa lakini ilikuja yote.

"Ungeniuliza!" Akampiga kifuani kwa kiganja kilicholowa dawa, shati lililopigwa pasi likapata alama ya vidole vitano. "Mdomo wote ule, ulikuwa wa nini? Unanificha ndani ya jicho la bibi harusi wa watu, halafu unakasirika sijajiona? Mimi ni fundi wa picha, Subiri, nakuambia kitu. Picha inaonyesha. Haisemi. Mtu ndiye anayesema."

"Ungeniuliza na wewe."

"Niulize nini? Kwa nini mteja ana doa?"

Walitazamana katika mwanga mwekundu. Midomo ya Subiri ikaanza kucheza, na ya kwake nayo ikamsaliti, na mara wote wawili walikuwa wamejishika mbavu, wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Basi nasema," Subiri akasema, alipoweza. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Sikuja kwa negativu. Negativu ilikuwa sababu ya kusukuma mlango. Nilikupenda humu ndani, sikuwahi kuacha, na sijui kufanya kazi mahali ambapo wewe haupo. Kama yule bwana ni mzuri, niambie, niende. Lakini safari hii niambie kwa mdomo."

Brashi aliitoa karatasi kwenye dawa, akaiosha, akaipangusa, akaishika kwa kingo kama inavyotakiwa. Kisha akafungua mlango.

Mzee alikuwa amegeuza kiti chake kutazama upande wao, japo kutazama kwenyewe kulikuwa kwa mazoea.

"Mlikuwa kimya," akasema.

"Tulikuwa kimya, baba."

"Nilisikia." Akaegemea mkongojo. "Binti yangu, siku ile nilimuuliza huyu swali. Amelijibu?"

Brashi alipiga magoti mbele ya kiti. Akamwekea baba yake ile karatasi mbichi mapajani, akamshika kidole, akakizungusha juu yake. "Hili ni jicho, baba. Hii ni nukta yako nyeupe. Na hapa ndani nimesimama mimi na ubao. Macho yote aliyopiga, ndani yake niko mimi."

Kidole cha Mzee kilitulia juu ya mboni. Kilikaa muda mrefu.

"Ndio ule uchafu?"

"Ndio ule uchafu."

"Lo," Mzee akasema. Akasema tena, "Lo."

Ndipo Shangazi alipoingia, manukato yakimtangulia na mwavuli ukimfuata. Alikuja kuchukua jibu, na kwa jinsi alivyojipamba alikuwa ameshalichagua. Aliwaona: kaka yake ana karatasi iliyolowa mapajani, mpwa wake amepiga magoti macho mekundu, na yule bwana, yule yule, ana kiganja kizima kimechorwa kifuani.

"Makubwa," akasema. "Huyu naye katokea wapi?"

"Shikamoo, Shangazi," Subiri akasema.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kwa lile jambo letu. Watu wanangoja."

Brashi alisimama. Aliichukua picha ya mwenye magodoro mezani, akaufuta ule mstari wa puani kwa pamba, taratibu, kwa heshima, maana bwana yule hakumkosea mtu. "Mwambie samahani sana, Shangazi. Na umwambie picha yake nitampigia upya bure. Hii nimemharibu. Nimemwondolea mikunjo yake yote, na ndiyo iliyokuwa inampendeza."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo, Shangazi."

Shangazi alimgeukia kaka yake, akafungua mikono. "Umesikia? Na wewe unakaa tu?"

"Sikai," Mzee akasema, na akainuka kweli. Alipapasa hewani mpaka akapata bega la Subiri. Akalishika, si kwa upole sana. "Ile kamera kubwa bado iko kwenye stendi. Iwekee filamu. Binti, nenda kwenye kigoda."

"Mimi?"

"Nyumba hii imepiga picha mtaa mzima. Ya kwako haipo. Nenda."

Brashi alikaa. Na tazama mazoea yalivyo, makalio yalipogusa kigoda tu, kidevu kikapanda juu na mikono ikajipeleka magotini. Subiri alipima mwanga, akaweka lenzi sawa, akamsogeza Mzee mpaka vidole vyake vikashika kibonyezo.

"Na mimi nisimame wapi, Mzee?"

"Unaniuliza? Chukua ubao."

Basi Subiri akauchukua ule ubao wenye kona iliyong'atwa, akasimama pembeni ya kamera, dirisha mgongoni kwake. Hakujua kuushika. Aliuinua ukamziba uso, akaushusha ukamponyoka ukamwangukia mguuni, akaruka kwa mguu mmoja, na Shangazi, ambaye alikuwa ameapa kununa mpaka kesho, akaguna kwa kicheko.

"Tazama hapa," Mzee akaamuru. "Usicheke. Usipumue."

Brashi akatazama. Hakutazama kamera. Alimtazama yule mtu na ubao wake, na mvi zake, na alama ya vidole vyake mwenyewe kifuani pa mtu yule, na kila kilichokaa sawa mwilini mwake kikaanza kulegea chenyewe. Mabega yakashuka. Akangoja kusikia mlio wa kamera. Haukuja.

"Baba," akasema, "mbona hubonyezi?"

"Subiri kidogo," Mzee akajibu.

Hapo ndipo alipocheka, kichwa kikaenda upande, brashi ikamchomoka sikioni na kuanguka, na kamera ikalia.

Mzee aliacha kibonyezo, akapangusa uso kwa mkono wa koti lake la kazi.

"Macho ya hiyo picha," akasema, "nisisikie mtu ameyagusa."